Blanketi la Kiti cha Mwisho

Ukimwambia mtu kwamba blanketi la ndege hubaki na harufu ya mji lilikotoka, atakucheka, na kule dobi, walikofua mablanketi ya ndege, walimcheka Mama Mkunjo miaka mitatu mizima. Wala hakujali. Kila alasiri gari la kampuni liliposhusha magunia ya mablanketi machafu kwenye mlango wa nyuma, wenzake walivuta gunia lililokuwa karibu, wamalize kazi waende zao. Yeye alizunguka akisoma vibandiko kimoja kimoja, jicho moja kalifumba kwa sababu miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu kizima, mpaka alipate gunia la ndege moja tu, ile iliyotoka mji aliko binti yake. Akishalipata, hata ungempa nini asingekuachia.

“Mwacheni,” Mama Pasi aliwaambia wengine. Huyu ndiye aliyeshika mashine ya pasi, na mdomo wake haukuwa na breki. “Mwenzenu anamnusa mwanawe.”

Na kweli alikuwa anamnusa. Alijua fika kwamba harufu ile ni ya abiria, ya marashi na jasho na vyakula vya watu asiowajua. Lakini blanketi hili, alijiambia, asubuhi ya leo lilikuwa kule. Hewa ya kule limeivuta. Kisha alilitia kwenye mashine, akamwaga sabuni, na harufu ikaenda na maji.

Jina la Mkunjo alilipata wiki ya kwanza kazini. Marehemu mama yake alikuwa na mkunjo wake mwenyewe: nguo nzito unailaza, unaikunja mara tatu, kisha kona moja unaibana ndani ya mikunjo mingine, hata ukiirusha haifunguki. Alimfundisha yeye, naye akamfundisha binti yake angali mdogo, wakishika mashuka huku na huku ya kitanda na kuvutana kwa makusudi. Msimamizi wa dobi alipoona mablanketi yamekunjwa hivyo alikuja juu. “Abiria anataka kujifunika, hataki kufungua kifurushi. Mara nne, bapa, basi.” Tangu siku hiyo mikono ya Mama Mkunjo ilikunja bapa kazini na kubana kona nyumbani.

Swali la umbali Mama Mkunjo alikuja kuliuliza siku moja wakati wa mapumziko, bila sababu kubwa, tena akiwa anatafuna.

“Hivi shoga, huko aliko mtoto ni mbali kiasi gani?”

Mama Pasi akafuta vidole kwenye gauni, akabonyeza simu yake. “Kilomita elfu nne na kitu. Kwa ndege saa tano na nusu.”

“Saa tano na nusu tu?”

“Unapanda umeshakunywa chai, unashuka hata njaa hujaisikia vizuri.”

Mama Mkunjo aliacha kutafuna. Basi la kwenda kwa dada yake lilichukua kutwa nzima, na kwa dada yake alikwenda kila mwaka akarudi. Muda wote huo alikuwa amejiliwaza kwa neno moja. Mwanangu yuko mbali, aliwaambia majirani, na neno mbali lilimsaidia kupata usingizi. Sasa Mama Pasi kamnyang'anya kwa kidole kimoja, akaendelea kula.

Mumewe aliitwa Dereva, ingawa usukani aliuaga zamani. Aliendesha malori ya masafa marefu hadi macho yalipoanza kumdanganya, na hata baada ya kustaafu aliingia chumbani kwa namna ile ile ya kupanda lori, mkono mmoja kwenye mwimo, mguu wa kulia kwanza. Mguu huo wa kulia ndio uliomlaza hospitali. Ulianza na msumari wa kiatu, kitu cha kijinga kabisa, lakini sukari ilikuwa mwilini mwake siku nyingi na kidonda kikakataa kupona. Sasa vidole viwili vilikuwa vyeusi, na harufu ilimpokea mtu kabla hajafika kitandani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyejua kuzungusha maneno.

“Mzee, mguu huu unakuua. Tukate chini ya goti mwisho Ijumaa. Tukivuka hapo tutakata juu, au hatutapata wa kumkata.”

“Nimekusikia, mwanangu,” alisema Dereva. “Binti yangu akija nitatia sahihi.”

“Yuko wapi?”

Dereva akautaja mji. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Mbona si mbali. Hapo ni saa tano tu.”

“Na nusu,” alisema Mama Mkunjo, na hakujua kwa nini amelisema.

Daktari alipopita kitanda cha pili, mke akamvaa mume. Alimwambia huo ni ukaidi, kwamba mtoto ataambiwa baba kafa kwa kiburi. Dereva alimwacha aseme mpaka pumzi zikamwishia.

“Alipoondoka nilimbebea sanduku mpaka mlango ule wanapozuia watu,” alisema. “Nikasimama kwa miguu yangu miwili nikampungia mkono. Anikute nayo. Akishaniona, wakate hata kichwa, sitalalamika.”

“Nitaazima simu ya Mama Pasi, mtaonana kwenye kioo.”

“Picha haishikiki, mke wangu.”

Jirani aliyekuja kumjulia hali, mama mwenye duka la pembeni, alisikia yote hayo na akaona ni wajibu wake kuchangia. “Lakini si yuko kwenye ndege? Watu wa ndege wanapanda bure. Angeamua, jioni hii hii angekuwa hapa.” Akacheka kidogo ili lisionekane ni neno baya. “Labda mmemdekeza mno, Baba Rubani.”

Kidogo tuliseme hili, maana wao wenyewe wasingelisema. Binti alipopata kazi alipiga simu akasema yuko kwenye ndege. Hakusema zaidi. Mtaa ukampandisha cheo: mwaka wa kwanza alikata tiketi, wa pili akawa anagawa vyakula angani, na mwaka huu wazazi wake walikuwa wakiitwa Baba Rubani na Mama Rubani mbele ya duka. Uongo hawakuutunga wao, lakini waliulisha na kuunywesha. Jioni hiyo ulikaa pale wodini, umenona, ukiwatazama usoni, na Mama Mkunjo hakuwa na pa kuuficha.

Alimpigia binti yake akiwa amesimama kwenye mabomba ya nje, watu wakichota maji na kuosha vyombo vya wagonjwa. Simu yake ilikuwa ya vitufe na ilimbidi kupaza sauti.

“Hajambo baba leo? Kidonda kinaendeleaje?”

“Hajambo nini? Wanataka kumkata mguu, na hataki mpaka akuone. Njoo, mwanangu. Ni saa tano na nusu tu, nimeuliza.”

Upande wa pili sauti ya binti ilishuka.

“Najua, mama. Ile ndege naijua.”

“Basi omba. Si uko nao kila siku? Waambie baba anaumwa, wakupe hata kiti kibovu.”

“Mama, sikiliza. Tafadhali usinikatize.” Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. “Mimi nasafisha. Ndege ikitua tunaingia na mifuko yetu, tunaokota takataka, tunafuta viti, tunapanga mablanketi. Hayo mablanketi unayofua wewe, ni mimi ninayeyapanga. Tukimaliza wanatuambia shukeni, tunashuka, halafu abiria ndiyo wanaingia. Kila asubuhi napanda ndege ya nyumbani, mama. Kila asubuhi nashuka.”

Mwanamke mmoja pale bombani alimwomba apishe ndoo. Alisogea bila kumwona.

“Siku moja nilikaa,” binti aliendelea. “Kiti cha mwisho kabisa, dirishani. Nikafunga mkanda. Nilitaka kujua tu anakaaje mtu anayekwenda kwao. Wakanikuta. Walinikata mshahara wa siku mbili, wakanicheka mwezi mzima.”

“Na pasipoti yako si unayo, ukate tiketi?”

“Iko kabatini kwa kampuni mpaka mkataba uishe. Bado mwaka na nusu. Jana nilikwenda kuiomba, nikawaeleza habari ya baba. Wakasema kila mtu ana baba.”

Mama Mkunjo alishika bomba lililokuwa likidondoka. Alitaka kuuliza maswali kumi, likatoka moja tu.

“Kwa nini hukutuambia?”

“Mlikuwa mnafurahi,” alisema binti, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Alirudi wodini akamweleza mumewe kila kitu, kwa sauti ya chini ili kitanda cha jirani kisisikie. Alitegemea Dereva atang'aka. Lakini mzee aliitazama dari, akawa anatafuna kitu kisichokuwepo mdomoni.

“Unajua kuna mpaka mmoja tulikuwa tunakaa siku nne,” alisema hatimaye. “Karatasi zako wanazo wao, wewe umekaa chini ya lori. Ng'ambo ya pili unaiona kabisa. Unaona nguo za watu zimeanikwa. Unaona kuku. Kuku anavuka, anadonoa upande huu, anarudi kwao, na wewe dereva mzima na leseni yako umekaa. Kijana mmoja mgeni wa kazi aliniuliza, mzee, kutoka hapa mpaka pale ni kilomita ngapi? Nikamwambia hata moja haifiki. Akasema, mbona basi hatufiki?”

“Ukamjibu nini?”

“Nilimpa sigara.” Akafumba macho. “Usimsumbue tena mtoto. Asiende tena kujidhalilisha kwa pasipoti.”

“Basi utatia sahihi?”

Dereva alivuta shuka mpaka shingoni. Aligeukia ukutani, na hilo ndilo lililomtisha Mama Mkunjo kuliko maneno yote ya daktari. Mpaka asubuhi ile mzee alikuwa mbishi, na mbishi ana jambo analolitaka. Sasa hakutaka kitu. Jioni hakula, kesho yake hakula, na nesi alipomletea ile karatasi ya kutia sahihi alimwambia kwa upole aiweke popote.

Alhamisi gunia lilifika likiwa limechelewa. Mama Mkunjo alilivuta mpaka kwenye meza yake, akalifungua, akaanza kutoa mablanketi mawili matatu kwa pamoja bila kuyanusa. Tangu ile simu alikuwa anaogopa kuyanusa. Yalikuwa yamefumbatwa ovyo, kama kawaida ya abiria anayekurupuka kushuka. Mara mkono wake ukakutana na kitu kigumu.

Alikitoa. Blanketi moja lilikuwa halijafunguliwa. Limekunjwa mara tatu, na kona moja imebanwa ndani ya mikunjo mingine.

Alilisogeza kwenye mwanga. Aliligeuza, akalitazama kwa kile kioo chake kimoja, akapitisha kidole kwenye ile kona. Ilibanwa kwa kuingizwa kutoka kushoto. Binti yake alikuwa mashoto, na tangu utotoni kona zake ziliingia upande huo, yeye na Dereva wakimtania kwamba anakunja kinyumenyume. Kuna kiti abiria hakukikalia, au alikikalia asisikie baridi, na blanketi lake likasafiri kilomita elfu nne na kitu bila mtu kuligusa, likiwa vile vile mkono wa mwanawe ulivyoliacha.

“Mama Pasi,” aliita. “Njoo uone.”

Mama Pasi alikuja, akaona, akafuta mikono kwenye gauni kabla ya kuigusa ile kona.

Hapo Mama Mkunjo akafanya jambo ambalo angeapa kwamba hawezi kulifanya. Hakuwahi kutoka na hata kipande cha sabuni pale dobi. Saa ya kutoka ilipofika aliingia chooni, akalifunga lile blanketi tumboni kwa kamba ya gunia, taratibu, lisikunjuke, akateremsha gauni juu yake. Kazi yote aliyokuwa nayo ilikuwa kufika hospitali na mkunjo ule ukiwa mzima. Dereva alisema picha haishikiki. Hili alishike.

Getini kila mwanamke alipapaswa na mlinzi, kila siku ya Mungu, mikono juu, mbele ya madereva waliosimama wakingoja mizigo. Mlinzi alipofika tumboni alisita.

“Mama, hii ni nini?”

“Niache nipite, binti yangu. Kesho nalirudisha.”

Labda angemwacha. Lakini msimamizi alikuwa nyuma yao, anafunga ofisi, na alikwisha kuona. Alimwita Mama Mkunjo pembeni, ila si pembeni sana, akamwambia atoe. Aliifungua kamba, gauni limepanda, madereva wakitazama kando kwa adabu au wakijifanya.

“Miaka mitatu,” alisema msimamizi, kwa masikitiko zaidi ya hasira. “Wewe ningekupa funguo.” Akalipima lile blanketi mkononi, akakunja uso. “Na umelifunga hivi kwa nini? Umeficha nini ndani?”

“Hakuna kitu. Lichukue, nikate mshahara, lakini nakuomba usilikunjue.”

“Kwa nini?”

“Mwanangu ndiye aliyelikunja.”

Msimamizi alimtazama, akaona ni yale yale ya watu waliokamatwa. Akashika pembe mbili, akalikung'uta kwa nguvu hewani, mara moja, mara mbili. Kona ikachomoka. Mikunjo yote mitatu ikaachia. Likaning'inia mkononi mwake, kitambaa cha buluu chenye chapa ya kampuni, na chini sakafuni hakikuanguka kitu.

“Hamna kitu humu,” alisema, sasa kwa aibu kidogo.

“Kilikuwepo,” alisema Mama Mkunjo.

Hakumfukuza. Alisema kuanzia Jumatatu ahamie chumba cha taulo za hoteli, jengo la pili, huko hakuna mali ya ndege. Aliamini kabisa amemhurumia, na kwa kweli kuna wengi ambao wasingefanya hata hivyo.

Alifika wodini muda wa kuwaona wagonjwa ukikaribia kwisha. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na alipomwona mumewe amelala vile vile kaelekea ukutani, aliyaacha yote. Alikaa. Pembeni ya miguu kulikuwa na shuka safi ambalo nesi aliliacha kwa ajili ya kubadilisha. Akalichukua, akalitandika juu ya magoti yake, akaanza kulikunja.

“Mzee. Geuka utazame.”

“Nimechoka, mama.”

“Geuka.”

Dereva aligeuka kwa shida. Mke wake akakunja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, badala ya kuibana kona kwa mkono wa kulia kama alivyofanya siku zote za ndoa yao, akaipitisha kutoka kushoto, kwa vidole vizito visivyozoea upande ule. Ikakataa. Akairudia mpaka ikakaa.

“Huo si wako,” alisema Dereva. “Huo wa mtoto.”

“Leo alilikunja blanketi moja hivi, akaliacha ndani ya ndege. Limenifikia mkononi. Nilikuwa nakuletea wakanikamata getini. Wamelikung'uta.” Akaigonga kona kwa kidole. “Lilikuwa hivi hivi. Saa tano na nusu nzima halikufunguka.”

Dereva alinyoosha mikono, akapewa lile shuka. Alilishika muda mrefu. Alipitisha dole gumba kwenye kona, polepole, akiitafuta mahali ilipoingilia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

“Aliingia akashuka,” alisema.

“Aliingia akashuka.”

“Akaacha hili liende.” Alilaza shuka kifuani, machozi yakamtoka bila kuyafuta. “Mpungie mkono, uliniambia siku ile, usimame vizuri akuone. Mimi nilisimama vizuri, mama. Si ulishuhudia?”

“Nilishuhudia. Na yeye alikuona.”

“Basi mwite yule binti daktari kabla sijabadili mawazo. Na hili shuka wasilichukue.”

Ijumaa walikata, chini ya goti. Alipozinduka aliomba chai, akagombana na nesi kuhusu sukari, na Mama Mkunjo akajua huyu amerudi.

Binti alipiga simu Jumapili. Aliongea na baba yake kwanza, wakaongea mambo ya kawaida kabisa, dawa na chakula na mvua. Kisha mzee akampa mkewe simu.

“Mama, Alhamisi uliliona?”

“Nililiona.”

“Nilijua utaliona.” Alicheka, na kicheko kile kilikuwa cha zamani, cha kwenye mashuka. “Basi nitakunja moja kila siku. Kiti cha mwisho, dirishani, huko watu hawapendi kukaa. Siku nyingine watalifungua, lakini siku nyingine litafika. Ukilikuta ujue niko salama.”

Mama Mkunjo alitazama mguu uliobaki, na mahali pa ule mwingine palipolala bapa chini ya blanketi. Mwaka na nusu, mikono yake ndani ya taulo za hoteli.

“Haya, mwanangu,” alisema. “Wewe kunja. Nitayaona.”

Kesho yake aliingia jengo la pili, akapewa meza na rundo la taulo. Huko hapakuwa na vibandiko vya kusoma, na harufu ilikuwa ya dawa ya kuondolea madoa tu. Alasiri alilisikia gari la magunia likirudi nyuma kule ng'ambo ya ua, akaendelea kukunja. Baada ya muda kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mama Pasi, kasimama kizingitini mahali ambapo hakuruhusiwa kuvuka, mikono mitupu. Asubuhi alikuwa ameambiwa habari ya kiti cha mwisho. Aliinua mkono wa kushoto, akabana vidole viwili hewani, akavisukuma ndani taratibu kama mtu anayeingiza kona, kisha akaondoka haraka kurudi kwenye pasi yake.